MTUMISHI WA AFYA NAYE AKINGWE

Hakuna mwananchi wa Mbinga asiyemfahamu mkunga, muuguzi au mganga wa kijijini kwake. Ndiye anayeamshwa usiku wa manane mvua ikinyesha, ndiye anayelaumiwa dawa zikikosekana, na ndiye tunayemsahau mara tu mgonjwa wetu anapopona. Leo twataka kumsema mtumishi huyo, si kwa habari ya mshahara wake wala ya upungufu wa dawa, mambo ambayo yamekwisha semwa mara nyingi, bali kwa habari ya mwili wake mwenyewe: sindano inayomchoma, damu inayomrukia machoni, na hewa anayoivuta wodini.

Tuchukue mfano wa muuguzi afanyaye kazi Matiri. Amekwisha mdunga mgonjwa sindano, taa ni hafifu, mgonjwa wa pili anaita, naye kwa haraka anajaribu kurudisha kifuniko juu ya sindano kwa mikono miwili. Sindano inateleza na kumwingia kidoleni. Wengi katika hali hiyo hujifuta tu wakaendelea na kazi. Basi na tusema ukweli ulivyo. Ikiwa damu ile ni ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI, wataambukizwa kama watu 3 katika kila 1,000 waliochomwa. Ikiwa ni ya mtu mwenye homa ya ini ya aina B, na aliyechomwa hakupata kuchanjwa, waambukizwao waweza kufikia 30 katika kila 100. Twaandika tarakimu hizi kwa sababu watu wengi huitetemekea hatari iliyo ndogo na kuidharau iliyo kubwa.

Kwa ile ya kwanza dawa ya kinga ipo. Kidole kioshwe kwa maji na sabuni pasipo kukiminya, habari itolewe mara moja, na dawa ianzwe katika saa chache, wala isipite saa 72, kisha imezwe kwa siku 28. Kwa mtu wa mjini jambo hili ni la kuvuka barabara tu. Kwa mtu wa kijijini, wakati wa masika, njia inapokuwa tope na vyombo vya safari havipatikani, saa 72 ni chache mno kuliko zinavyoonekana katika karatasi. Tena iko fedheha. Mtumishi huogopa kupimwa mbele ya wenzake, huogopa kuulizwa kwa nini alikuwa mzembe, naye akanyamaza. Mkubwa wa kazi anayepokea habari ya ajali kwa makaripio ndiye anayewafundisha watu wake kuficha.

Kwa homa ya ini chanjo ipo, nayo hutolewa mara tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu baada ya miezi sita. Watoto wetu wamekuwa wakiipata tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini mtumishi aliyezaliwa kabla ya hapo hana kinga hiyo mpaka atafutwe na kuchanjwa, na tukisema mtumishi hatuna maana ya mwenye koti jeupe peke yake. Sindano iliyotupwa ovyo katika mfuko wa taka haimchomi aliyeitumia. Humchoma mfagiaji, au dobi inapokuwa imeviringishwa ndani ya shuka, au kijana anayebeba taka kwenda tanurini, mara nyingi akiwa amevaa kandambili. Kisanduku kigumu cha kutupia sindano ni kitu cha bei ndogo. Yatakiwa kiwe karibu na mkono wa mdungaji, na kikijaa robo tatu kifungwe na kupelekwa kuchomwa. Anayekishindilia ili kitumike wiki moja zaidi anamwekea mwenzake mtego.

Katika milima ya Umatengo iko hatari nyingine ambayo watu wa pwani hawaifikirii sana. Miezi ya Juni na Julai baridi ni kali, na ni tabia ya kibinadamu kufunga madirisha yote ili wagonjwa wasitetemeke. Lakini vijidudu vya kifua kikuu huelea hewani, na chumba kilichofungwa ndiyo nyumba yao. Heri kuongeza blanketi na kuacha dirisha wazi. Na mwenye kikohozi cha majuma mawili atengwe na wengine hata kabla ya majibu ya makohozi.

Mambo haya si mageni duniani. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, mwalimu wa uganga aliyeitwa Jakob Kolletschka alijeruhiwa kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa. Rafiki yake, Ignaz Semmelweis, alipoona kwamba ugonjwa uliomwua ulifanana na ule uliokuwa ukiwaua wazazi wodini, alitambua kuwa mikono ya waganga wenyewe ndiyo iliyoubeba. Akaamuru inawiwe kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili walikufa wazazi kama 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni wakafa kama 2.

Karibu nasi zaidi, Dakta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, aliongoza vita dhidi ya Ebola mwaka 2000. Usiku mmoja alikimbilia kumwokoa muuguzi wake aliyekuwa akifa. Alivaa barakoa, joho na glavu, ila hakuvaa kinga ya macho. Alifariki tarehe 5 Desemba mwaka ule. Ebola iliporudi Uganda mwaka 2022 iliwapata watumishi wa afya 19, wakafa 7, na miongoni mwao alikuwamo Mtanzania mwenzetu, Dakta Mohammed Ali, aliyekwenda huko kuongeza elimu ya upasuaji. Mwezi wa Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka Kagera, ukaua watu 6, na mmoja wao alikuwa mtumishi wa afya. Hawa hawakufa kwa kukosa ushujaa.

Mmatengo hangoji udongo uporomoke mlimani ndipo aanze kuchimba ngoro. Sheria nayo imekwisha tangulia: ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri amkinge mfanyakazi wake, awe ni Serikali au misheni, na ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inampa haki yule aliyeumia. Lakini ajali isiyoandikwa kitabuni ni vigumu kuidai.

Ndugu wanachama walio katika kamati za vijiji na kata, na viongozi wa TUGHE matawini, wanayo maswali ya kuuliza bila kungoja mkaguzi kutoka mbali. Je, maji na sabuni vipo katika chumba cha kuzalishia, au mama mjamzito bado huambiwa aje na glavu zake? Mfagiaji amechanjwa? Dawa za kinga zimewekwa wapi, na nani ana ufunguo? Na kama muuguzi wa zamu akichomwa na sindano leo saa nane za usiku, ni pikipiki ya nani itakayomfikisha Mbinga kabla ya asubuhi?