Yogati Nzito Yenye Mafuta Haba

Tulipomzuru shangazi yetu huko Mosocho, mwendo mfupi kutoka mji wa Kisii kwa njia iendayo Kisumu, tulimkuta na kikombe cha yogati ya dukani iliyoandikwa kuwa mafuta yake ni haba. Daktari alimtaka apunguze mafuta. Ajabu ni kwamba kijiko kilisimama wima ndani yake. Akatuuliza: mafuta yameenguliwa, uzito huu umetoka wapi?

Jawabu lilikuwa ubavuni mwa kikombe, kwa maandishi madogo. Mafuta ndiyo yanayoyapa maziwa ule ulaini uteleezao ulimini. Yakiondoka, maji yaliyobaki hukosa cha kuyashika. Hapo mtengenezaji hutia kitu cha kuyazuia. Wanga wa mahindi au wa muhogo hufura upashwapo moto, ukayanywa maji hayo. Karajinani, itokayo katika mwani, hushikamana na protini ya maziwa, na kiasi kidogo mno hutosha. Ni mwani wa jinsi ile ile wanayoilima kina mama wa Unguja na Pemba tangu mwisho wa miaka ya 1980, na wenzao wa Kibuyuni kule Kwale, ukaanikwa na kuuzwa ng'ambo. Nani angedhani kuwa jasho la mwanamke wa pwani huenda likarejea bara ndani ya kikombe?

Kikombe cha shangazi, lakini, hakikuwa na mwani. Kilikuwa na jelatini. Hiyo hupikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na hupendwa kwa kuwa huyeyuka kwa joto la kinywa. Ikiwa ni ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria, hapana neno. Ila nyingi hutokana na nguruwe, na kikombe kile hakikutaja mnyama. Shangazi akakiweka kando kimya.

Basi kina mama, tusome kabla ya kulipa. Jelatini kwa kawaida huandikwa kwa jina lake. Ya mwani ni E407, na pektini ya matunda ni E440. Tutazame na sukari pia, maana mafuta haba si utamu haba.

Mchana alipika mchuzi kwa nazi tulizomletea. Yeye alitumia tui jepesi, akalizitisha kwa ndizi mbichi za shambani, zilizochemshwa zikapondwa. Ukashikana barabara. Tui zito alilitia katika wali wetu sisi wageni.