Picha moja ya Mto Themi haithibitishi kitu. Piga kumi na mbili

Hebu fungua simu yako, tafuta picha ya mto. Kama unakaa Arusha, huenda unayo ya Themi au Naura uliyopiga ukivuka daraja. Sasa niambie: maji yamepungua au yameongezeka tangu siku ile? Huwezi kujua, na si kosa lako. Picha moja haina jibu.

Sababu ni misimu. Chini ya Mlima Meru tuna masika, Machi hadi Mei, na vuli, kwenye Novemba na Desemba. Katikati kuna baridi na mawingu ya Juni na Julai, halafu ukavu wa Septemba. Piga Themi Aprili, rudi Septemba, utapata kama mito miwili tofauti, hata kama hakuna aliyeuharibu. Kwa hiyo mtu akikurushia picha ya mawe makavu akisema "mto umekufa", muulize kwanza: ya mwezi gani? Septemba hulinganishwa na Septemba.

Ndege nao wana mtego huohuo. Mchukue kweche dume. Majira ya kuzaliana, mvua ikishaotesha nyasi, anang'aa kwa nyeusi na nyekundu, au njano kwa aina nyingine. Msimu ukipita, manyoya hayo yanatoka na anabaki kahawia yenye michirizi kama jike. Utadhani shomoro! Ukimkosa mwekundu wakati wa kiangazi utasema kweche wamehama, kumbe wapo mbele yako. Mbayuwayu wa Ulaya yeye huondoka kweli: huja mwishoni mwa mwaka, kisha kwenye Machi na Aprili hurudi kaskazini kuzaliana. Nani kabadili nguo na nani kasafiri? Ni mfululizo wa picha tu unaoweza kukuambia.

Basi, mara moja kwa mwezi, fanya hivi:

1. Simama palepale, juu ya daraja. Hakikisha kitu kisichohama kinaonekana, mfano nguzo au mwamba. Pale maji yanapogusa nguzo ndipo kipimo chako kilipo. Mvua kubwa ikinyesha, usishuke mtoni.

2. Usivute picha karibu. Ukivuta leo na mwezi ujao usivute, huwezi kulinganisha.

3. Weka karatasi nyeupe pembeni ya picha. Simu hurekebisha rangi yenyewe bila kukuuliza, hivyo maji ya tope ya masika yanaweza kuonekana masafi kuliko yalivyo. Karatasi ikitoka ya njano, ujue na maji yamebadilishwa rangi.

4. Tunza faili halisi. Simu huandika ndani yake tarehe na saa, na mahali pia ukiruhusu. Ukituma kama picha ya kawaida kwa WhatsApp, taarifa hizo hufutwa. Itume kama dokyumenti.

5. Ukimpiga ndege, kaa mbali na kiota. Akianza kupiga kelele au kurukaruka kwa wasiwasi, rudi nyuma.

Kwa nini ujisumbue? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini kwenye mkutano wa mtaa tunabishana kwa kumbukumbu tu. Mzee anasema, "Zamani tulikuwa tunaoga hapa." Kijana anajibu, "Mimi nimeukuta hivihivi." Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na bado hakuna linaloamuliwa. Wakati huo maji ya Themi yanaendelea kushuka hadi Kikuletwa, Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani hadi baharini, na huko kote kuna watu wanaoyategemea.

Ukianza mwezi huu, baada ya miaka mitatu utakuwa na picha 36 za sehemu moja. Siku hiyo kwenye mkutano, hutahitaji kupaza sauti. Utazipanga mezani, Septemba tatu zikiwa pamoja, kila mtu aangalie maji yamefika wapi kwenye nguzo.