Umbo ni la tupa, kisu ni cha moto

KISU kizuri hakihitaji kiwanda. Kinahitaji chuma kinachofaa, tupa, moto wa makaa na mtu mwenye subira. Anayetaka kujifunza kutengeneza kisu chake mwenyewe anaweza kuanza uani kwake, mradi aelewe jambo moja mapema: kuchonga umbo ni kazi ya mikono, lakini ukali unaodumu hutoka motoni.

Ufundi huu si wa kuazima. Mwaka 1978, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu ufuaji wa chuma mkoani Kagera, ambako watu walikuwa wakitoa chuma kwenye mawe ya madini miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo waliwajengea tanuri upya. Mirija ya udongo ya kupulizia ilizamishwa ndani ya tanuri, hivyo hewa ikapata joto kabla ya kuufikia moto. Mababu hao waliujua moto vizuri sana, na ujuzi huohuo ndio anaouhitaji anayeanza leo.

Kwanza, chuma. Nondo ya kujengea haifai, kwa sababu kaboni yake ni ndogo na haikomai hata uichome vipi. Springi bapa ya gari kuukuu inafaa sana. Kaboni yake ni karibu asilimia 0.6, na hupatikana kwa wauza vyuma chakavu. Tatizo lake ni unene. Hapo ndipo mhunzi anapohitajika: mpelekee aifue hadi ibaki na unene wa milimita 3 au 4. Pale Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kamukunji jijini Nairobi, hutakosa fundi wa kukuelekeza.

Kisha ilainishe. Ichome hadi iwe nyekundu, uifukie kwenye majivu na kuiacha ipoe polepole hadi asubuhi. Chora kisu chako kwenye boksi gumu, ukate mchoro na kuuhamishia kwenye chuma. Kisu cha kwanza kiwe kidogo, chenye bapa la sentimita 10 hivi. Kata kwa msumeno wa chuma, kibane kwenye jiliwa, piga tupa. Toboa matundu ya mpini sasa, maana baadaye chuma kitakataa kutoboka. Upande wa makali uache unene wa milimita 1. Ukiuchonga ukawa mwembamba mno, utapinda au kupasuka wakati wa kupozwa.

Sasa moto wenyewe. Washa makaa, uyapulizie kwa feni ndogo au mivuo. Chuma kinapokaribia nyuzijoto 770 hupoteza nguvu ya kunaswa na sumaku, basi kijaribu mara kwa mara. Sumaku ikikataa kunasa, kiongezee joto kidogo, kisha kichovye kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzijoto 60 hivi. Kichovye wima, bila kukitikisa kushoto na kulia. Maji huipoza springi ghafla mno na yanaweza kuipasua. Jaribu tupa kwenye makali: ikiteleza bila kukwaruza, chuma kimekomaa.

Wanaoanza wengi husimama hapo, na kisu chao huvunjika kikianguka sakafuni. Chuma kilichokomaa hivyo ni kigumu lakini hakina ustahimilivu. Kiweke mara moja kwenye oveni ya nyuzijoto 200 kwa saa mbili, kiache kipoe, kisha rudia. Kikisuguliwa kwanza kwa msasa, rangi yake itageuka kuwa ya manjano ya majani makavu. Hatua hii ya kimya ndiyo inayokifanya kisu kidumu na makali yake bila kumeguka.

Mpini wa mninga huchongeka kwa urahisi. Mpingo ni mzuri zaidi lakini ni mgumu na huchosha mkono. Bandika vipande viwili kwenye msuka kwa gundi ya epoksi, upigilie pini za shaba, uchonge hadi kiganja kiridhike. Mwisho noa kwenye jiwe, kwa pembe ya nyuzi 20 kila upande.

Usalama usifanyiwe mzaha. Vaa miwani, viatu vilivyofunika miguu na barakoa ya vumbi. Usichome kamwe chuma kilichopakwa zinki, kwani moshi wake ni sumu. Oili chafu ya injini nayo usiitumie. Weka mfuniko wa bati karibu na chombo cha mafuta, ili yakishika moto uyafunike.

Wahunzi wetu bado wapo, wakifua majembe, mapanga na visu kando ya barabara. Wikiendi hii mtafute aliye karibu nawe, msalimu, mwombe akufundishe na umlipe kwa elimu yake. Ufundi huu ukipotea, utakuwa umepotea mbele ya macho yetu.