Bahari sebuleni: tazama boriti kwanza

Mpwa wangu, aliyefanya kazi melini miaka mingi na sasa amerudi kwao, alinijia siku moja baada ya sala ya alasiri, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mjomba," akaniambia, "nataka kuitia bahari nyumbani."

Nilidhani ni utani wa mabaharia. Nilipoikunjua karatasi nikaona hayana utani. Ulikuwamo mchoro wa hodhi la kioo, urefu mita 2, upana sentimita 70 na kina sentimita 70, la kufugia matumbawe yaliyo hai pamoja na samaki wa miambani. Mahali pa kuliweka ni sebule ya juu, katika nyumba ya babu yake, Mji wa Kale.

Hakunijia kwa sababu ya mashairi yangu. Alijua kuwa zamani niliwahi kuwa na hodhi kama hilo, dogo, la lita 200. Jinsi lilivyokwisha nitaeleza mbele.

Nilimwambia aweke kando bei za mashine, kwanza tupige hesabu. Hodhi lake litachukua lita 980, na lita moja ya maji ya chumvi huzidi kilo moja kidogo. Kioo cha milimita 15, ambacho kwa kina hicho singependa kiwe chembamba zaidi, ni karibu kilo 200 peke yake. Ongeza mawe, meza ya chuma na hodhi la pili la chini: mzigo unazidi tani moja na robo, tena umesimama mahali pamoja usiku na mchana. Nikamwonyesha dari. Msomaji anazijua nyumba zetu za kale: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari iliyolala juu ya boriti za mikoko. Boriti hizo zimewabeba watu wa harusi na wa matanga, lakini tani ya maji ni jambo jingine, na chini yake hulala dada yangu, mamake kijana.

"Basi tuliweke chini," akasema, shingo upande.

Hapo tukaingia kwenye mashine. Wengi hufikiri kuwa jambo kubwa ni taa. Mimi nasema ni mwendo wa maji. Tumbawe halitembei kutafuta riziki; maji ndiyo humletea chakula na kumwondolea uchafu. Baharini kazi hiyo hufanywa na mawimbi, na maji kupwa na kujaa. Ndani ya kioo hufanywa na pampu. Pampu moja hurudisha maji kutoka hodhi la chini, nyingine hutengeneza mkondo ndani, na kwa matumbawe ya mawe zote za mkondo pamoja zapaswa kusukuma maji yote ya hodhi mara 20 au zaidi kwa saa. Nilimshauri anunue mbili za kadiri badala ya moja kubwa, ili moja ikifa usiku nyenzake isalie.

Mashine ya kuengua povu haikwepeki. Huchanganya maji na vipovu vidogo vya hewa, uchafu wa samaki ukashikamana navyo na kupanda juu hadi kwenye kikombe, ukamwagwa kabla haujaoza. Achukue iliyotengenezwa kwa hodhi kubwa kuliko lake, maana yaandikwayo kwenye maboksi hayo ni ya ukarimu mno. Taa za LED ndizo nafuu siku hizi, kwani hazitoi joto kama zile za zamani. Mwanga ni wa lazima kwa sababu ndani ya mwili wa tumbawe huishi vijimea vya mwani vinavyolilisha kwa nguvu ya mwanga.

Vitabu vya Ulaya humwambia mtu anunue mashine ya kupasha maji moto. Mombasa mwezi wa Machi! Sisi twahitaji ya kuyapoza, yabaki kwenye nyuzi 25 hadi 27. Aliyeona miamba yetu mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño, matumbawe yakatoa ule mwani na kugeuka meupe kama chokaa, hahitaji kuelezwa. Feni ikipuliza juu ya maji husaidia, ila maji hupungua na chumvi husalia, kama katika mashamba ya chumvi ya Gongoni. Kwa hiyo hujazwa maji matamu yaliyochujwa sawasawa, wala si ya chumvi. Si ya kisima vilevile.

Sasa hodhi langu. Ilikuwa Ramadhani, stima ikapotea baada ya tarawehe. Nilipoamka kula daku nilisikia kimya ambacho sikukizoea: pampu haivumi. Nikawasha tochi. Samaki walikuwa juu kabisa, midomo wazi, wakitafuta hewa. Nilikoroga maji kwa bakuli hadi alfajiri, mkono ukafa ganzi. Walisalia wawili. Nilikumbuka kisa tulichofunzwa chuoni cha mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Sikufuga tena.

Ndiyo maana nilimshikilia kijana juu ya betri. Pampu ya mkondo ya umeme mdogo huendeshwa na betri saa nyingi, na hiyo moja yatosha kuwapa samaki pumzi.

Matumbawe yenyewe asiende kuyang'oa mwambani. Malindi na Watamu zimekuwa hifadhi tangu 1968, na biashara ya matumbawe ya mawe baina ya nchi huhitaji vibali vya CITES. Wafugaji hukata vipande vya matumbawe yao, wakavigandisha juu ya mawe, vikakua. Tena asitie samaki kabla ya mwezi mmoja au zaidi, mpaka vijidudu vya kula amonia vizaliwe na vipimo vionyeshe sifuri.

Dada yangu alisikiliza yote haya, kisha akauliza kama si rahisi mtu kupanda dau akawatazame tasi kwao. Mwanawe alicheka, hakujibu. Wiki iliyopita nilipita pale. Hodhi halijaja bado, lakini betri imeshafika, iko chini ya ngazi, imefunikwa kanga.