Kumpeleka Mtoto Kuona Ngome ya Mombasa

Karani wa Mombasa, au mkulima wa bara aliyekuja kumzuru nduguye, akimpeleka mtoto wake kuona makumbusho ya Ngome ya Yesu huona fahari, na fahari hiyo ni halali. Lakini mara nyingi mambo huwa hivi: mtoto hushikwa mkono, huvutwa kutoka chumba hata chumba, husomewa kila maandishi yaliyobandikwa ukutani, na baada ya nusu saa huuliza madafu yanauzwa wapi. Jioni nyanya yake akitaka kujua ameona nini, hujibu, "Mizinga."

Si kosa la mtoto. Habari za mahali pale ni nyingi mno. Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Tangu 1895 hata 1958 ilikuwa gereza la Serikali. Tangu 1960 ni makumbusho. Hata mtu mzima hawezi kuyabeba yote hayo kwa siku moja. Afadhali mzazi achague kisa kimoja, amsimulie mtoto njiani, kisha wakifika wazitafute dalili zake.

Kisa cha kufaa kipo. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome, nayo haikutekwa mpaka Desemba 1698. Ndani mlikuwa na njaa, na maradhi yakawa adui mkali kuliko mizinga. Katika mwaka 1697 tauni iliwafyeka askari wa Kireno, hata ngome ikawa imeshikwa na Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Hao ndio walioilinda mpaka Wareno walipoleta msaada kwa bahari mwezi wa Septemba. Ngome hii husimuliwa kila siku kama ugomvi wa Wareno na Waarabu tu, na wale wanawake 50 hupitwa kama kwamba hawakuwako. Mtoto hatawapita. Mwambie ahesabu: watu 76, labda kama madarasa mawili ya shule yake, na kuta ndefu namna ile!

Hapo kila kitu kitapata maana. Birika la maji ya mvua, ambalo wageni wengi hulichungulia na kwenda zao, litakuwa jambo la uhai na mauti. Zipo pia picha ambazo Wareno walichora ukutani kwa rangi nyeusi na nyekundu: merikebu, samaki, kanisa. Mtoto aliyewahi kupigwa kwa kuchora ukutani atazitazama kwa muda mrefu, na haifai kumharakisha. Mifupa ya nyangumi haimo katika kisa hiki, lakini mtoto atakwenda kuitazama, apende baba asipende.

Halafu viko vyombo vilivyotolewa baharini. Merikebu ya Kireno, Santo António de Tanna, ilizama karibu na ngome mwaka 1697, wakati ule ule wa mazingiwa, na wapiga mbizi wakaanza kuichimbua mwaka 1977. Baada ya kuviona, wapande ukutani upande wa bahari, mtoto aonyeshwe maji yale. Waende asubuhi mapema, maana mawe yale hushika joto, na jua la saa sita halina huruma.

Jioni nyanya akiuliza habari za safari, huenda safari hii mtoto akawa na swali lake mwenyewe: watu wale 76 walikula nini? Nyanya aliyepata kuona mwaka wa njaa anajua majani gani huchemshwa ghala likiisha, na mizizi gani huchimbwa. Basi baba naye avute kiti asikilize.