KUJUA NA KUBASHIRI
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima, yaliyopigwa chapa ili yasomwe tena darasani

Mlioketi darasani, fungueni madaftari yenu. Mwalimu wenu aandike ubaoni maneno mawili kwa herufi kubwa: KUJUA na KUBASHIRI. Leo twataka kuona tofauti ya maneno hayo. Mfano wetu tutautwaa katika mchezo wa mpira wa kikapu huko Marekani.

Labda mmoja wenu atauliza, "Mpira wa kikapu wa Marekani watuhusu nini sisi?" Swali jema. Subirini kidogo, maana katikati ya habari hii mtamkuta kijana wa Dar es Salaam.

WACHEZAJI WAPYA HUCHAGULIWAJE?

Huko Marekani kuna ligi kubwa ya mpira wa kikapu wa kulipwa, iitwayo NBA. Ina timu 30. Timu 29 ziko Marekani, na moja iko mji wa Toronto, nchini Kanada. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Juni, timu hizo huchagua wachezaji wapya. Wengi wao ni vijana watokao vyuo vikuu vya Marekani. Wengine hutoka katika ligi za nchi nyingine. Kijana hachagui timu. Timu ndizo zinazochagua, moja baada ya moja, kwa zamu. Kila mwaka kuna duru mbili za kuchagua. Desturi hii ilianza mwaka 1947.

Sasa, nani achague kwanza? Kanuni yasema kwamba timu dhaifu zitangulie. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Kama timu yenye nguvu ingechagua kwanza kila mwaka, ingezidi kuwa na nguvu, na mchezo ungekosa utamu. Watu hawalipi kiingilio kutazama shindano ambalo mshindi wake wamekwisha kumjua.

Lakini kanuni hiyo ina mtego ndani yake. Kama wa mwisho ndiye apewaye zawadi, basi mtu aweza kutamani kuwa wa mwisho. Timu yaweza kulegea kwa makusudi ili ipate zamu ya kwanza. Kwa ajili hiyo, tangu mwaka 1985, zamu za mwanzo hutafutwa kwa bahati nasibu.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Kwa kanuni zilizoanza mwaka 2019, kila moja ya timu tatu zilizofanya vibaya kuliko zote ilipewa nafasi 14 katika 100 za kupata zamu ya kwanza. Andikeni: 100 toa 14. Jibu ni 86. Maana yake, hata timu ya mwisho kabisa ilikuwa na nafasi 86 katika 100 za kuikosa zamu hiyo. Na mwaka 2025 timu ya Dallas ilikuwa na nafasi 18 tu katika 1,000, yaani hata 2 katika 100 hazikutimia. Dallas ndiyo iliyoshinda! Ikamchagua kijana aitwaye Cooper Flagg. Mnaona basi kwamba jambo gumu kutokea si jambo lisiloweza kutokea.

MASHABIKI HUFANYA NINI?

Miezi mingi kabla ya siku ya kuchagua, mashabiki huanza kubashiri. Huandika orodha: wa kwanza atakuwa fulani, wa pili fulani, na timu fulani itamtwaa fulani. Hubishana kazini, nyumbani na kwa kinyozi. Magazeti na televisheni nazo hutoa orodha zao.

Msidhani kwamba maneno yao yote ni porojo. Shabiki mwenye akili hutazama mambo manne. Kwanza, mwili wa kijana: urefu wake, mbio zake, afya yake. Pili, kazi aliyokwisha kuifanya uwanjani: amefunga pointi ngapi, amezuia mipira mingapi, na dhidi ya timu za namna gani. Tatu, umri wake, maana kijana wa miaka 19 ana nafasi ya kukua kuliko wa miaka 23. Nne, haja ya timu: timu yenye wafungaji wengi huenda ikatafuta mlinzi.

Mambo haya ni kama yale afanyayo mnunuzi wa nazi sokoni. Hutazama gamba lake, huipima uzito kwa mkono, kisha huitikisa karibu na sikio asikie maji. Hayo yote ni maarifa. Lakini ndani hajaona. Na wazee wetu walisema: Mchagua nazi hupata koroma.

MWAKA 1984

Sikilizeni habari ya mwaka 1984, ambayo mashabiki wa Marekani hawajaacha kuisimulia. Siku zile zamu ya kwanza iliamuliwa kwa kurusha sarafu, baina ya timu mbili. Mwaka ule zilikuwa Houston na Portland. Houston ikashinda, ikamchagua Hakeem Olajuwon, kijana aliyezaliwa Lagos, Nigeria. Haikukosea, kwani Olajuwon aliiletea timu hiyo ubingwa mwaka 1994 na tena mwaka 1995.

Zamu ya pili ilikuwa ya Portland. Portland ilihitaji mtu mrefu wa kucheza karibu na kikapu. Mchezaji mwepesi wa kufunga ilikuwa naye tayari, Clyde Drexler, iliyemchagua mwaka uliotangulia. Basi ikamtwaa Sam Bowie, mrefu na hodari, ingawa alikuwa amekosa misimu miwili chuoni kwa sababu ya mfupa wa mguu. Zamu ya tatu ilikuwa ya Chicago. Chicago ikamchagua Michael Jordan.

Mguu wa Bowie uliumia tena na tena. Jordan alitwaa ubingwa mara sita. Tangu hapo watu wamewacheka Portland. Lakini tuulizane: je, Portland walikuwa wapumbavu? Sababu yao ilikuwa na maana: walitazama haja ya timu. Kosa lao, kama lipo, ni kwamba waliutazama upungufu wao wa siku ile zaidi ya ubora wa mtu aliyekuwa mbele yao. Na Bowie hakuwa mchezaji mbaya. Alicheza katika ligi ile kwa misimu kumi. Jina lake hutajwa kwa dhihaka kwa sababu moja tu: aliitwa kabla ya Jordan. Naye hakujiita mwenyewe.

KIJANA WA DAR ES SALAAM

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1987 alizaliwa Dar es Salaam mtoto aitwaye Hasheem Thabeet. Alianza mpira wa kikapu kwa kuchelewa, akiwa na umri wa miaka kama 15. Lakini alikuwa mrefu sana. Alipokua alifika mita 2 na sentimita 21. Akaenda Marekani, akacheza misimu mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, na akapata sifa kubwa kwa kuzuia mipira ya wapinzani isiingie kikapuni.

Katika uchaguzi wa mwaka 2009, timu ya Los Angeles Clippers ilimchagua kwanza Blake Griffin. Timu ya Memphis, yenye zamu ya pili, ikamchagua Thabeet. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ile. Fikirini furaha ya watu wa nyumbani!

Mambo hayakwenda kama yalivyobashiriwa. Katika msimu wa kwanza alifunga, kwa wastani, pointi 3 hivi katika kila mchezo. Mwezi wa Februari mwaka 2010 Memphis ilimpeleka kwa muda katika ligi ya chini akapate mazoezi zaidi. Baadaye alipita katika timu nyingine, nazo ni Houston, Portland na Oklahoma City, na msimu wake wa mwisho katika ligi ile uliishia mwaka 2014.

Mwaka ule ule wa 2009 alikuwapo kijana mwembamba aitwaye Stephen Curry. Wengi walimwona mdogo wa mwili, tena alitoka chuo kidogo. Timu ya Minnesota ilikuwa na zamu mbili zilizofuatana, ya tano na ya sita, ikampita mara zote mbili. Golden State ikamchagua wa saba. Curry alitwaa ubingwa na timu hiyo mwaka 2015, 2017, 2018 na 2022.

Basi wako watu waliosema, "Thabeet ametuangusha." Ndugu zangu, nataka tukae hapa kidogo. Je, Thabeet ndiye aliyesema atakuwa bora kuliko Curry? Sivyo. Hayo yalisemwa na waliochagua, na waliobashiri, na sisi tulioshangilia. Walipima urefu, ambao hupimika kwa futi. Hawakuweza kupima itamchukua miaka mingapi, mtu aliyeanza mchezo ukubwani, kujifunza yale ambayo wenzake waliyajua tangu utotoni. Ninyi mliokuja darasani mkiwa watu wazima mwalijua jambo hilo. Mtu ajifunzaye kusoma na miaka 40 si mjinga. Ila ameanza safari mchana, na wenzake waliondoka alfajiri. Asipofika pamoja nao, haimpasi aibu.

Tena, nazi sokoni haisikii maneno ya wanunuzi. Kijana husikia. Husikia kwamba yeye ni mrithi wa fulani, na asipokuwa hivyo, husikia kwamba ni hasara. Mtoto wa Dar es Salaam aliyefika katika ligi hiyo, mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyepata kufika kabla yake, kweli aitwe hasara?

ALIYECHAGULIWA WA 41

Nitawapa mfano mmoja zaidi, tena kwa ufupi. Mwaka 2014 timu ya Denver, kwa zamu ya 41, ilimchagua kijana wa Serbia, Nikola Jokić. Jambo hilo lilionekana dogo mno: jina lake lilipotangazwa, televisheni ilikuwa ikionyesha tangazo la biashara. Jokić alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2021, 2022 na 2024, na mwaka 2023 aliiletea Denver ubingwa wake wa kwanza katika NBA. Timu, pamoja na wataalamu wao wa kulipwa, ziliwachagua wengine 40 kabla yake. Hata Denver yenyewe mwaka ule ilikuwa imekwisha kuchagua wengine kabla ya kumfikia yeye.

TUJIFUNZE NINI?

Je, tuwaambie mashabiki waache kubashiri? Hapana. Kubashiri ni sehemu ya utamu wa mchezo, na mwenye kubashiri vizuri hujifunza kutazama na kufikiri. Ubaya huanza pale mtu anapolivika bashiri lake nguo za kujua. Siku hizi wako hata wanaouza bashiri zao kwa watu wa kamari, wakisema, "Huyu ni hakika." Ukisikia neno hilo "hakika" juu ya jambo ambalo halijatokea, shika mfuko wako.

Mtu akikuletea bashiri, la mpira au la jambo jingine lolote, muulize maswali matatu. La kwanza: Jambo gani umeliona, na jambo gani umelidhani? La pili: Ni kitu gani huwezi kukipima? La tatu: Ukikosea, nani atabeba lawama, wewe au yule uliyembashiri? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa mno.

Mtu mwenye haki akikosea husema, "Nilikosea mimi." Hasemi, "Kijana yule ametudanganya."

MANENO YA KUKUMBUKA

Kubashiri: kusema jambo litakavyokuwa kabla halijatokea.
Zamu: nafasi ya kila mmoja kwa mpango, mmoja baada ya mwingine.
Bahati nasibu: njia ya kuamua jambo kwa bahati, bila mtu kuchagua.
Wastani: jumla ya vitu iliyogawanywa sawasawa.
Koroma: nazi ambayo haijakomaa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini timu dhaifu hupewa nafasi ya kuchagua mapema?
2. Timu ina nafasi 14 katika 100 za kushinda. Ina nafasi ngapi za kushindwa?
3. Timu ya Portland ilikuwa na sababu gani ya kumchagua Sam Bowie? Je, wewe ungefanyaje?
4. Taja jambo moja ulilopata kulibashiri juu ya mtoto wako au jirani yako. Ulikuwa umeona nini, na ulikuwa umedhani nini?

Kila mmoja aandike jibu la swali la nne kwa sentensi tatu, kisha amsomee mwenzake. Kwaherini, ndugu wanafunzi, hadi somo lijalo.