HAECO na uchumi wa kutengeneza ndege

Kampuni ya matengenezo ya ndege huuza bidhaa moja kuu, nayo ni saa za kazi za mafundi wenye leseni, na ndiyo maana ustawi wake hutegemea mambo matatu: mafundi wa kutosha, eneo la kufanyia kazi na mteja wa kudumu. Historia ya Hong Kong Aircraft Engineering Company, maarufu kama HAECO, inaonyesha wazi jinsi mambo hayo yanavyoiamulia kampuni mwelekeo wake.

HAECO iliundwa mwaka 1950 kwa kuunganisha karakana mbili za uwanja wa Kai Tak, moja ya kundi la Jardine na nyingine ya kundi la Swire, ambalo tangu mwaka 1948 lilikuwa na hisa katika shirika la ndege la Cathay Pacific. Uhusiano huo uliipatia karakana mteja aliyekua pamoja nayo, kwa kuwa kila ndege iliyoongezwa na Cathay ilihitaji ukaguzi wa mara kwa mara.

Ukaguzi mzito kuliko wote, unaofanywa kila baada ya miaka kadhaa, huhusisha kung'oa viti, dari, sakafu na paneli za ndani ili kiunzi cha ndege kichunguzwe kama kina kutu au nyufa, na kwa Boeing 747 kazi hiyo huweza kumaliza makumi ya maelfu ya saa za mafundi. Kwa hesabu kama hiyo, tofauti ndogo ya mishahara au ya kodi ya ardhi hubadilisha gharama yote, na Hong Kong ilikuwa ghali kwa vyote viwili.

Hivyo mwaka 1993 HAECO ilishiriki kuanzisha TAECO, kampuni ya ubia mjini Xiamen, China Bara. Huko ndiko Boeing 747-400 ya kwanza ya abiria ilikogeuzwa kuwa ya mizigo chini ya mpango wa Boeing, ikakabidhiwa Cathay mwaka 2005: ubavu wa kushoto ulikatwa kupisha mlango mkubwa, na sakafu ikaimarishwa ili ihimili uzito. Hong Kong kwenyewe, ambako shughuli zilihamia uwanja mpya wa Chek Lap Kok mwaka 1998 baada ya Kai Tak kufungwa, ukarabati wa injini uliendelezwa kwa ubia na Rolls-Royce.

Mwaka 2014 HAECO ilinunua TIMCO, kampuni ya matengenezo ya ndege ya Marekani, na mwaka 2018 Swire Pacific ikatwaa hisa zilizobaki na kuiondoa HAECO katika soko la hisa. Funzo la historia hii ni zito kwa kila nchi inayotamani kazi hii: banda la ndege hujengwa kwa mtaji wa miaka michache, ilhali fundi anayeaminiwa kutia saini kwamba ndege ni salama kuruka huhitaji miaka mingi ya mafunzo, na uwekezaji unaomsahau huyo hujenga karakana isiyo na cha kuuza.